Majina Tunayowapa Wagombea



Kila kampeni ya uchaguzi huja Kindu na vyombo vyake: fulana zenye nyuso za wagombea, vipaza sauti juu ya magari, misafara ya pikipiki kati ya Kasuku na Mikelenge, na ahadi zinazovuka mto Lualaba kwa mtumbwi hadi Alunguli. Huja pia na majina. Mgombea huingia mjini na jina alilopewa na wazazi wake, akatoka na mengine matatu, moja la kumsifu na mawili ya kumtukana. Hilo tumelizoea. Jambo jipya katika kampeni ya mwaka 2023, ambalo tungependa kulitafakari pamoja nanyi, lilikuwa picha.

Picha hizo zilipita kutoka simu hadi simu. Kushoto uliwekwa uso wa mgombea. Kulia uso wa mtu mwovu kutoka tamthilia ya Game of Thrones. Na chini yake maneno machache ya dhihaka. Hatutaandika hapa ni mgombea gani aliyepewa uso gani, maana kuandika hivyo ni kuisambaza picha mara ya pili. Tunataka kuuliza swali moja tu: tunapomvika mgombea uso wa mwovu wa hadithi, tunapata nini, na tunapoteza nini?

Kwa wazee wetu wasioifahamu tamthilia hiyo, tueleze kwa ufupi. Ilionyeshwa na kituo cha Marekani cha HBO tangu mwaka 2011 hadi 2019, katika misimu 8 na vipindi 73, nayo imetokana na vitabu vya mwandishi George R. R. Martin. Ni hadithi ya nchi ya kubuniwa ambamo koo kubwa zinapigania kiti kimoja cha enzi. Mna majoka yanayotema moto, na wafu wanaofufuka wakiwa jeshi. Humo yumo Joffrey, mfalme kijana anayefurahia kutesa. Yumo Cersei, mama yake, anayelipua hekalu pamoja na watu waliomo ndani ili awamalize wapinzani wake. Yumo Ramsay, anayewachuna watu ngozi. Na yumo Mfalme wa Usiku, asiyesema neno lolote, anayeongoza jeshi la wafu. Vijana wetu wameiangalia katika simu zao, kwa Kifaransa, siku ambazo betri imepata umeme. Wanaijua kuliko wanavyoijua Katiba ya nchi, na hatusemi hivyo kwa kuwalaumu, kwa kuwa hadithi nzuri huingia moyoni bila kubisha hodi.

Wala mchezo huu haukuanzia kwetu. Mwaka 2017 Martin mwenyewe, akihojiwa na jarida la nchini kwake, alimfananisha Rais Donald Trump na Joffrey. Mwaka uliofuata, mwezi Novemba, Trump alitangaza vikwazo dhidi ya Iran kwa picha yake mwenyewe iliyoandikwa kwa herufi na mtindo wa tamthilia ileile. Huko Brussels, mwezi Aprili 2015, mwanasiasa wa Hispania Pablo Iglesias alimpa Mfalme Felipe wa Sita zawadi ya kanda za tamthilia hiyo, akidai kwamba zingemsaidia kuielewa siasa ya nchi yake. Kwa hiyo kijana wa Kindu aliyetengeneza zile picha alikuwa akifanya lile ambalo wakubwa wa dunia walikwisha kulifanya. Lakini tuutazame vizuri mfano wa Trump. Aliyefananishwa na mwovu wa tamthilia hakuikimbia tamthilia. Aliivaa kama vazi la fahari. Uso wa kutisha haumwumizi mwenye madaraka kama tunavyodhani. Mara nyingine humwongezea kimo.

Sisi Wakongomani tulipaswa kulijua hilo mapema kuliko wengine. Mobutu hakungoja kufananishwa na mnyama mkali. Alijichagulia chui mwenyewe, akavaa kofia ya ngozi yake, na picha yake ikaenea nchi nzima. Tena, wazee wetu wanakumbuka jinsi taarifa ya habari ya televisheni ya Zaire ilivyofunguliwa: uso wa Rais ulionekana ukishuka kutoka mawinguni. Basi tamthilia ya maajabu tulikuwa nayo hapa nyumbani miaka mingi kabla ya HBO, na serikali ndiyo iliyoionyesha, kila jioni.

Tulilizungumza jambo hili katika kikao chetu cha mwezi, baada ya kura ya tarehe 20 Desemba kupita na joto kupungua. Vijana waliitetea dhihaka, na hoja yao ilikuwa na uzito. Mmoja alisema: "Baba, wakubwa wana askari, wana fedha, wana ndege za kuwaleta hapa asubuhi na kuwarudisha Kinshasa jioni. Sisi tuna simu. Mkitunyang'anya hata kicheko, mtatuachia nini?" Tulikubali kwamba kicheko ni silaha ya mnyonge. Katika miaka ya mwisho ya utawala wa Mobutu watu waliwaita vigogo wake "madinozori", wanyama wakubwa wa kale waliokataa kutoweka, na watu wenye silaha waliovamia nyumba usiku wakawaita "mabundi". Majina hayo yaliwasaidia wananchi kusema yale ambayo magazeti hayakuthubutu kuyaandika. Bundi lilikuwa jina la tendo: mtu huja usiku, hubeba watu, hapatikani mchana. Aliyelisikia alijua ni kosa gani linalolalamikiwa.

Ndipo mama mmoja mzee, aliyekuwa amekaa kimya muda wote, akamwomba kijana simu yake aitazame picha. Akaitazama kwa utulivu, kisha akauliza: "Mwanangu, huyu mtu alifanya nini?"

"Ni katili, mama. Kila mtu anajua."

"Huyu wa sinema, ukatili wake mmeuona kwa macho. Namwuliza huyu wa kushoto. Alifanya nini, wapi, mwaka gani?"

Jibu halikupatikana. Na swali hilo ndilo lililotufungulia njia. Maovu yote yaliyokuwa katika picha ile yalitoka upande wa kulia. Mgombea aliazimwa dhambi za mtu asiyekuwapo duniani, huku dhambi zake mwenyewe, kama anazo, zikibaki bila kutajwa. Ikiwa alikuwa mbunge, hakuna aliyeuliza ni mara ngapi alisimama bungeni kuisemea barabara ya Kindu hadi Kasongo. Ikiwa aliwahi kushika ofisi ya umma, hakuna aliyeuliza fedha za ofisi hiyo zilikwenda wapi. Mwovu wa hadithi hana bajeti wala hesabu za mwisho wa mwaka, na hakuna mkaguzi wa kumkagua. Anayefananishwa naye hupata msamaha wa ajabu: haulizwi lolote linaloweza kujibiwa. Atasema tu kwamba anatukanwa na maadui zake, na atakuwa amesema kweli.

Hiyo ni hasara ya kwanza. Ya pili ni nzito zaidi, na mji wetu unaijua kuliko miji mingi.

Katika hadithi, mwovu huwekwa ili afe. Mtazamaji humngojea Joffrey anywe sumu, na anapokufa hufurahi bila dhamiri kumsuta, kwa kuwa hakuna mtu aliyekufa. Ni mchezaji aliyevua vazi akaenda nyumbani. Lakini uso huohuo ukibandikwa juu ya mtu mwenye mama na watoto, ile furaha ya kungojea kifo haibaki katika kioo cha simu. Huanza kutafuta mahali pa kukaa.

Tarehe 11 Novemba 1961 wanahewa 13 wa Italia walitua Kindu kwa ndege mbili za mizigo. Walikuwa chini ya Umoja wa Mataifa, wakiwaletea mahitaji askari wa Malaya waliokuwa wakilinda amani hapa. Wakati huo vita vya Katanga vilikuwa vimewajaza watu hofu, na hofu hiyo ilikuwa na sura moja: Mzungu mwenye mavazi ya kijeshi, askari wa Ubelgiji au mamluki. Askari wa Kongo waliokuwa mjini waliwaona Waitalia wale, na hawakuona watu 13 walioleta mizigo. Waliona sura ile waliyokuwa wakiiogopa. Waliwakamata, na wote 13 wakauawa. Leo nchini Italia iko mitaa inayoitwa kwa jina la waliokufa Kindu, na wapo watu huko ambao hawajui jambo lingine lolote juu ya mji wetu. Hatuliandiki hili ili kuwahukumu marehemu, ambao nao walikuwa wameonja ukatili wa kweli kutoka kwa wakoloni. Tunaliandika kwa sababu linaonyesha wazi jinsi uso wa kuazima unavyoweza kuua: mtu hutazamwa, na anayeonekana ni mwingine.

Mwezi Agosti 1998, vita vipya vilipoanza, maneno ya kuwaita watu wadudu wa kuangamizwa yalisikika hadharani nchini mwetu. Kwa ajili ya maneno ya mwezi ule, jaji mmoja wa Ubelgiji alitoa mwaka 2000 hati ya kumkamata Abdoulaye Yerodia, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kuwa waziri wa mambo ya nje. Kesi ilifika Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague, ambayo tarehe 14 Februari 2002 iliamua juu ya kinga ya waziri. Haikuamua juu ya maneno yenyewe. Sheria ilikuwa na njia zake. Lakini kabla ya jaji yeyote kushika kalamu, maneno yalikuwa yamekwisha kutembea mitaani, na walioyasikia walikuwa na fimbo mkononi.

Na tusidhani kwamba ni mambo ya zamani. Tarehe 28 Novemba 2023, katika kampeni ileile ya picha za kuchekesha, wafuasi wa vyama viwili walipambana Kasongo, katika jimbo letu hilihili la Maniema, na kiongozi kijana wa chama kimoja aliuawa. Hatusemi kwamba picha fulani ilimwua. Tunasema kwamba aliyeinua mkono siku ile hakuwa na hakika ya kwamba mbele yake amesimama ndugu, kijana wa jimbo moja, pengine wa shule moja, aliyeamka asubuhi ile akaaga nyumbani kwao. Wahenga walituonya kwamba heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole huuma siku mbili. Mama wa Kasongo ataumwa hadi mwisho wa maisha yake.

Hasara ya tatu haionekani upesi. Hadithi yenye mwovu mkamilifu hudai shujaa mkamilifu. Mtu anayemchora mpinzani kama Mfalme wa Usiku huwa tayari amemchora mgombea wake kama mwokozi, na mwokozi naye haulizwi maswali. Nchi hii imewahi kuwaita wanasiasa wake Musa, baba wa taifa na mkombozi. Imewaona wakishuka kutoka mawinguni. Katika hili watengenezaji wa Game of Thrones waliwapa watazamaji wao somo kali. Yumo humo binti aitwaye Daenerys, anayewafungua watumwa na kupendwa na umati. Huko Marekani mamia ya watoto wa kike walipewa jina la Khaleesi, ambalo ni cheo chake. Kisha, katika kipindi kilichoonyeshwa mwezi Mei 2019, kabla tu ya kile cha mwisho, akapanda joka lake na kuuchoma mji uliokwisha kusalimu amri, pamoja na watoto wake. Watazamaji wengi walikasirika. Lakini ishara zilikuwapo tangu mapema. Waliompenda walikuwa hawamchunguzi.

Tamthilia hiyo, kwa kweli, ina busara kuliko matumizi tunayoitumia. Katika kipindi cha kwanza kabisa, askari aitwaye Jaime anamsukuma mtoto kutoka dirishani juu ya mnara. Mtazamaji anamhukumu papo hapo. Baadaye sana anasikia kwamba mtu huyohuyo, aliyedharauliwa na nchi nzima kwa kumwua mfalme wake, alimwua kwa sababu mfalme alitaka kuuteketeza mji wote. Tendo la kwanza halifutwi na la pili. Yote mawili ni yake, na mtazamaji hulazimika kuyabeba yote mawili. Picha ya simu huchukua nusu ya uso huo na kuitupa nusu ya pili.

Wala hatuhitaji kwenda mbali kujifunza namna njema ya kutumia sura za waovu. Hapa Maniema, ndugu zetu Walega wa Pangi, pamoja na wenzao wa Shabunda, walikuwa na chama cha Bwami, ambacho wakoloni walikipiga marufuku mwaka 1948. Katika mafundisho yake zilitolewa sanamu ndogo za mti na za pembe ya ndovu, pamoja na vinyago, na kila kimoja kilikuwa na methali zake. Baadhi zilionyesha mtu mwema. Nyingine zilionyesha mgomvi, mzinzi, mtu asiyesikia shauri. Jambo la kuzingatia ni hili: sanamu ya mwovu aliletewa yule anayepanda cheo, aitazame yeye mwenyewe, ajue anavyoweza kuwa endapo hatajitawala. Ilikuwa kioo cha kujitazamia. Kadiri mtu alivyopanda kuelekea cheo cha juu kabisa, kile cha kindi, ndivyo alivyodaiwa utulivu na kiasi zaidi. Hebu fikirini kama wagombea wetu wangepitishwa katika shule ya namna hiyo kabla ya kubandika picha zao ukutani.

Je, tunasema basi kwamba mlei anyamaze, awaite wote waheshimiwa, na asubiri? La hasha. Upole usiosema ukweli ni woga uliovaa kanzu. Mwezi Januari 2018, baada ya maandamano ya waamini walei kuzimwa kwa nguvu, Kardinali Laurent Monsengwo aliwataka hadharani viongozi wasio na uwezo waondoke. Serikali ilichukizwa sana. Lakini tulipime neno lake. Alisema juu ya kazi: kazi imewashinda, waiache. Hakuwaita majoka wala mashetani. Mtu aliyeambiwa hivyo aliweza kujibu kwa kuonyesha kazi yake, kama alikuwa nayo. Neno kali la namna hiyo humwacha anayeambiwa akiwa bado mtu, tena mtu anayedaiwa jibu.

Mwezi Desemba mwaka huohuo, Baraza la Maaskofu lilituma waangalizi karibu 40,000 katika vituo vya kupigia kura nchini kote. Hao walifanya kazi isiyo na shangwe yoyote: walikaa, wakatazama, wakaandika kituo kilifunguliwa saa ngapi, nani alizuiwa kuingia, na tarakimu zipi zilibandikwa mlangoni. Hakuna aliyecheka akisoma karatasi zile. Lakini wenye madaraka huiogopa karatasi yenye saa na tarakimu kuliko picha mia za Joffrey, kwa kuwa picha hujibiwa kwa picha, na tarakimu hujibiwa kwa tarakimu.

Mwisho wa kikao chetu tulikubaliana juu ya mambo machache, nasi tunawaletea ninyi myapime. Atakayetaka kumsema mgombea vibaya katika mkutano wetu, au katika kundi letu la simu, ataje tendo, mahali na mwaka. Akiwa na mashaka, aulize badala ya kutangaza. Atakayemsifu mgombea naye atadaiwa vilevile: tendo, mahali, mwaka. Na kabla ya kutuma picha yoyote ya dhihaka, ajiulize kama angeweza kumwonyesha mama wa huyo aliyechorwa. Hapa Kindu swali hilo lina maana yake. Mwaka 2018 na tena mwaka 2023 walikuwapo wana wa Maniema miongoni mwa waliotafuta urais, na mama zao, shangazi zao na waliosoma nao tunakutana nao sokoni.

Yule kijana aliyetetea kicheko alitwaa kazi ngumu kuliko sisi wote. Ameanza daftari. Katika kila ukurasa ameandika jina la mbunge mmoja aliyechaguliwa kutoka jimbo letu, na chini yake anaandika anayoyasikia redioni na anayoyaona barabarani: aliahidi nini, lini, na kimefanyika nini. Kurasa nyingi bado ni nyeupe. Anasema akizijaza atachora vikaragosi pembeni, nasi tumemwambia achore, kwa kuwa wakati huo kila kikaragosi kitakuwa na ushahidi kando yake. Kwa mujibu wa Katiba, kura nyingine itapigwa mwaka 2028. Daftari lina kurasa za kutosha, na mama yule mzee ameomba asomewe kila mwezi.